Kabla ya Zege Kumwagwa Muhimbili

Kwa Mheshimiwa Waziri wa Afya,
kwa uongozi wa Hospitali ya Taifa Muhimbili,
na kwa wasanifu na wahandisi mtakaokabidhiwa kazi,

Waheshimiwa, nawasalimu.

Mimi ni muuguzi mstaafu. Nimekaa wodini miaka 31, sehemu kubwa ya miaka hiyo zamu ya usiku. Sijawahi kuchora ramani ya jengo lolote. Lakini najua mambo ya hospitali ambayo hayaonekani kwenye ramani: wodi inavyonuka saa nane ya usiku, bomba lipi hutangulia kukauka maji yakikatika, na mgonjwa aliyeanza kukata tamaa huwa anageuzia uso wake upande gani.

Mmetangaza kwamba Muhimbili itajengwa upya, nami nimefurahi. Aliyewahi kulala kitanda kimoja na mgonjwa mwenzake mzungu wa nne, miguu ya mmoja kichwani mwa mwingine, hahitaji kuelezwa kwa nini tunahitaji majengo mapya. Pamoja na furaha hiyo nina hofu. Nimeyaona majengo mapya ya hospitali. Nimefanya kazi ndani yake. Yapo yanayopendeza sana siku ya kukata utepe, halafu umeme ukizimika saa sita mchana mwezi wa pili yanageuka tanuri. Ombi langu kwenu ni moja, na mengine yote nitakayoandika yanatokana nalo: anzeni kuchora kutoka kitandani. Lala chali hapo, mchoraji, uangalie unaona nini, unavuta hewa gani, na ni nani ameketi pembeni yako. Ukuta wa mbele wa jengo uje baadaye.

Nianze na hewa, maana ndiyo iliyoniumiza mimi mwenyewe.

Katika hospitali moja niliyofanyia kazi, tulihamishwa kutoka wodi ya zamani kwenda jengo jipya. Wodi ya zamani ilijengwa enzi za mkoloni. Dari lake lilikuwa juu mno, madirisha pande zote mbili, na baraza refu nje ambako tulikuwa tunasukumia vitanda jioni. Jengo jipya lilikuwa na dari fupi, vigae vyeupe, viyoyozi, na vioo vikubwa vilivyogandishwa ukutani. Kilichofunguka kilikuwa kidirisha kimoja upande wa choo. Kiyoyozi cha kwanza kilikufa kabla mwaka haujaisha. Tuliandika barua ya kuomba fundi, tukaandika nyingine, na kabla ya jibu kuja vikawa vimekufa vyote. Wodi ya vitanda 24 ilikuwa na wagonjwa 38.

Kati yao alikuwapo kijana mmoja aliyelazwa kwa nimonia. Alikohoa wiki tatu. Makohozi yake yalipopimwa ikaonekana ni kifua kikuu, akahamishwa. Miezi michache baadaye nikaanza kulowa jasho usiku hadi shuka inakamulika. Sketi za sare zikawa zinanivuka kiunoni. Nilijua kabla ya kupima, muuguzi hujua. Nikameza dawa miezi sita. Mhudumu wetu wa usafi naye alipatikana nacho, na alikuwa ananyonyesha mtoto wa miezi saba. Yule kijana sina kinyongo naye hata kidogo, wala daktari aliyempokea. Alikuja kutibiwa, akapewa chumba ambacho pumzi yake haikuwa na pa kutokea.

Tangu hapo nimekuwa nikitafuta na kusoma kila ninachopata kuhusu jambo hili. Mwaka 2007 watafiti walichapisha vipimo vya hewa walivyochukua katika hospitali 8 za Lima, Peru. Walipofungua milango na madirisha, hewa ya chumba ilibadilika wastani wa mara 28 kwa saa. Vyumba vyenye mitambo ya kupitisha hewa, ikifanya kazi kama inavyotakiwa, hufikia mara 12. Tena majengo yaliyotangulia mwaka 1950, yenye dari refu na madirisha makubwa, yalifika mara 40, na ya kisasa 17 tu. Wakakadiria kwamba mtu akikaa saa 24 na wagonjwa wa kifua kikuu ambao hawajaanza dawa, hatari ya kuambukizwa ni asilimia 39 katika chumba cha mitambo, 33 katika jengo la kisasa la madirisha, na 11 katika jengo la kizamani. Niliposoma namba hizo nilikumbuka wodi yetu ya zamani na lile baraza, nikalia.

Mnakumbuka pia habari ya Tugela Ferry, huko KwaZulu-Natal, Afrika Kusini. Mwaka 2006 ilitangazwa kwamba wagonjwa 53 walipatikana na kifua kikuu sugu kisichosikia karibu dawa yoyote, na 52 kati yao wakafariki, wengi ndani ya wiki chache tu. Walikuwamo wafanyakazi wa afya. Wengi wa wagonjwa hao walikuwa wamewahi kulazwa hospitalini kabla, na wataalamu wakaona kwamba huko huko walikokwenda kutafuta uzima ndiko walikoambukizwa.

Jirani zetu wa Rwanda walijifunza. Hospitali ya Butaro, wilaya ya Burera, iliyofunguliwa mwaka 2011, ilichorwa na wasanifu wa MASS Design Group kwa kuanzia na pumzi ya mgonjwa. Waliondoa korido za ndani, zile ambamo wanaokohoa na wasiokohoa hubanana wakisubiri, wakaweka njia pana za nje. Dari lipo juu, feni kubwa zinazunguka polepole, na hewa chafu hupanda ikatokea kwenye matundu ya juu. Vitanda havikuegemezwa kwenye kuta za nje. Vimewekwa katikati, kichwa kwenye kijiukuta kifupi, ili kila mgonjwa atazame dirisha na milima. Kuta ni za mawe ya volkano ambayo wakulima wa kule walikuwa wakiyaona kero mashambani, yamechongwa na mafundi wa pale pale.

Sasa ombi lenyewe. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 2009, linataka wodi ya kawaida inayotegemea hewa ya asili ipate lita 60 za hewa kwa sekunde kwa kila mgonjwa, na chumba cha wagonjwa wa magonjwa yanayosambaa kwa hewa lita 160. Ziandikeni namba hizo ndani ya mkataba. Mkandarasi asilipwe awamu ya mwisho mpaka hewa ipimwe wodi kwa wodi, umeme ukiwa umezimwa. Mnapima uimara wa zege kabla ya kupokea jengo. Pimeni na hewa.

Sisemi viyoyozi vitupwe. Chumba cha upasuaji kinahitaji hewa iliyochujwa. Wagonjwa mahututi, watoto njiti, maabara na stoo ya dawa, hao wapeni mitambo, tena bora kuliko iliyopo sasa, na mafundi wa kuitunza walioajiriwa na si wa kuitwa. Mitambo ikiwa michache, pesa ya kuitunza itatosha. Ikisambazwa jengo zima hadi kwenye ofisi na korido, itakufa yote kwa pamoja, na wa kwanza kukosa hewa atakuwa yule aliye kwenye mashine.

Na dirisha la wodi si tundu tu. Msanifu asiyewahi kulala wodini atachora dirisha zuri ambalo litakuwa limefungwa siku zote. Litafungwa kwa sababu ya mbu, kwa hiyo wekeni nyavu, na kwa kuwa nyavu hupunguza upepo, tundu liwe kubwa zaidi. Litafungwa kwa sababu mvua inapiga ndani, kwa hiyo paa litokeze mbele vya kutosha. Litafungwa kwa sababu simu za wagonjwa zinaibwa usiku, kwa hiyo nondo ziwepo. Na mwezi wa saba bibi mmoja atasema anasikia baridi, na muuguzi mwenye huruma atafunga kila kitu. Ndiyo maana naomba juu ya kila dirisha, karibu na dari, pawe na safu ya matofali yenye matundu ambayo hakuna mtu anayeweza kuyafunga, si bibi wala mimi.

Muhimbili mnayo darasa tayari. Hospitali ile ilifunguliwa mwaka 1956 kwa jina la Princess Margaret, na baada ya uhuru ikapewa jina la Muhimbili. Majina ya Mwaisela, Kibasila na Sewahaji kila mkazi wa Dar es Salaam anayajua. Tumezaa, tumeuguza na tumefiwa humo. Sewa Haji alikuwa mfanyabiashara wa Bagamoyo aliyefariki mwaka 1897, akaacha mali yake itumike kutibu watu, na historia ya hospitali hii inaanzia kwenye sadaka yake. Kabla hamjavunja hata tofali moja, nawasihi ingieni na vipimo katika wodi hizo za zamani. Pimeni hewa, joto na mwanga, mchana na usiku, kiangazi na masika. Kama jengo la zamani litalishinda jengo mlilolichora, basi rudini mezani. Haitakuwa aibu. Aibu ni kulivunja lililo bora bila kujua.

Kuna jambo la pili ambalo dirisha hufanya, na hili wagonjwa walinifundisha kabla sijalisoma popote. Katika wodi moja ya upasuaji ya wanawake tulikuwa na kitanda namba 6. Nje ya dirisha lake palikuwa na mwarobaini. Kila mgonjwa aliyetoka chumba cha upasuaji na kupata nafuu kidogo alianza kuniuliza, sista, kitanda cha dirishani kitaachwa lini? Walikuwa wanapangiana zamu wenyewe kwa wenyewe. Mama mmoja aliyekatwa mguu aliniambia anahesabu ndege. Alisema maumivu yakianza yeye anaanza kuhesabu, akifika 30 yanakuwa yamepungua.

Nilidhani ni mambo yetu sisi. Kumbe huko Marekani mtafiti Roger Ulrich aliyachunguza. Mwaka 1984 alichapisha habari za wagonjwa 46 waliofanyiwa upasuaji wa kutoa mfuko wa nyongo katika hospitali moja ya Pennsylvania. Nusu yao dirisha lilitazama miti, nusu lilitazama ukuta wa matofali. Waliotazama miti waliruhusiwa kwenda nyumbani mapema, kwa wastani chini ya siku 8, wakati wenzao walikaribia 9. Waliomba dawa kali za maumivu kwa uchache zaidi. Siku moja kwa mgonjwa mmoja inaweza kuonekana ndogo. Izidisheni kwa wodi nzima na kwa mwaka mzima, mtaona ni vitanda vingapi mnavipata bila kununua hata kimoja, na kwa nini sitanyamaza mtu akisema miti ni urembo.

Kwa hiyo ichoreni miti iliyopo sasa kwenye ramani kabla ya kuchora msingi. Mkungu wenye kivuli cha kutosha watu 20 hauoti ndani ya muda wa mkataba. Ukikatwa kupisha maegesho ya magari, mgonjwa anayelazwa mwaka wa kwanza, wa pili na wa tano amedhulumiwa.

Dar es Salaam iko karibu nyuzi 7 kusini mwa ikweta. Jua letu hupita karibu utosini, asubuhi na jioni linachoma kuta za mashariki na magharibi. Jengo lililojinyoosha mashariki hadi magharibi, likatazamisha madirisha yake kaskazini na kusini, linapunguziwa moto na kivuli cha paa tu. Kaskazi na kusi ni pepo ambazo mabaharia wetu wamezitegemea karne nyingi. Zinakuja kwa kalenda. Nashangaa kuona majengo ya jiji hili yakizipa mgongo, halafu yananunua upepo kwa luku.

Naja kwenye suala ambalo sijawahi kuliona kwenye mchoro wowote wa hospitali uliowahi kubandikwa ukutani kwetu: ndugu wa mgonjwa.

Mnamwita mgeni, mkampangia saa za kuona wagonjwa. Wodini kwetu alikuwa mfanyakazi asiye na mshahara. Alfajiri yuko getini na chupa ya chai na uji. Anamlisha mgonjwa, anamgeuza asipate vidonda vya mgongo, anamfulia, anakimbilia dirisha la dawa, anaita muuguzi dripu ikiisha. Zamu yangu ya usiku mara nyingi tulikuwa wauguzi wawili kwa wagonjwa 40. Bila ndugu, wengine wasingefika asubuhi, nasema hili bila kutia chumvi. Halafu saa ya kuona wagonjwa ikiisha, mtu huyo huyo anafukuzwa na mlinzi kama mwizi, anakwenda kulala juu ya boksi nje ya uzio.

Nilimfahamu mama mmoja aliyetoka Kilwa na mtoto wa miaka 9 aliyeungua kwa maji ya moto. Hakuwa na ndugu mjini. Alilala chini ya mti nje ya wodi usiku 19. Aliweka khanga moja chini, akajifunika nyingine. Usiku wa 20 ikanyesha mvua kubwa, akaingia koridoni, akatolewa. Hakurudi siku mbili. Alikwenda kutafuta hifadhi kwa mtu wa mbali sana. Siku hizo mbili mtoto aligoma kula. Kidonda cha moto bila chakula hakifungi, kila muuguzi wa wodi ya majeraha anajua hilo. Yule mama alikuwa sehemu ya matibabu, nasi tulimtoa nje.

Mchoreni. Naomba kila wodi iwe na baraza lake la ndugu, lenye paa na viti vya saruji vya kulalia mtu akibanwa, pale ambapo mgonjwa anayeweza kutembea anatoka akaketi na watu wake. Babu zetu wa pwani walijenga baraza kabla ya kujenga sebule, kwa kuwa walijua mtu hupokelewa nje kwanza, palipo na upepo. Ndani ya uzio pawe na nyumba ya kulala ndugu kwa malipo madogo, majiko ya kupikia yasiyo ya mkaa, bafu, kamba za kuanikia nguo juani, mahali pa kusali kwa Waislamu na Wakristo, na vyoo. Vyoo vingi, na vya wanawake viwe vingi zaidi. Najua mtaambiwa hili ni gharama ya ziada nje ya tiba. Tafadhali mwulizeni muuguzi yeyote wa zamu ya usiku kama ni nje ya tiba.

Tukiwa bado kwa ndugu: waandikieni kwa Kiswahili. Mzee ametoka Namtumbo ameshika karatasi, anazunguka majengo matatu kutafuta neno la Kiingereza ambalo hata akilisoma halimwambii kitu. Kila jengo liwe na rangi yake na maneno makubwa ya lugha yetu, "Mifupa", "Moyo", "Watoto", "Picha za mionzi", na mstari wa rangi sakafuni unaomfikisha mtu mlangoni.

Na njia ya mochwari, nawaomba sana, isikutane na njia ya wajawazito. Katika hospitali moja machela ya marehemu ilikuwa lazima ipite mbele ya benchi la leba. Tulikuwa tunawageuza wale kina mama watazame ukutani. Nimewaona wakishika matumbo yao. Hakuna mashine inayoweza kutibu hofu ile, lakini penseli ya msanifu ingeizuia kwa mstari mmoja.

Kuhusu maji na umeme nitakuwa mfupi, wahandisi mnajua kuliko mimi. Oktoba 2022 maji ya Ruvu yalipungua, jiji likaingia kwenye mgawo, na sote tulikuwapo. Leba bila maji ni mahali pa kutisha. Paa la mita za mraba 10,000 likipata mvua ya milimita 1,000 kwa mwaka linashika lita milioni 10, kabla ya kutoa zinazopotea. Dar es Salaam hupata kiasi hicho na zaidi. Maji hayo yakihifadhiwa chini ya ardhi yatasukuma vyoo, yatafua mashuka na kumwagilia miti, na ya bomba yatabaki kwa kunywa na kunawa. Tena bonde la Msimbazi liko karibu. Kila eneo mnalolifunika kwa lami hapo Upanga linapeleka mafuriko kwa watu wa Jangwani, ambao ndio watakaoletwa kwenu na kipindupindu. Huko Satkhira, Bangladesh, hospitali ya vitanda 80 ilizungukwa na mfereji unaokusanya mvua kwa kuwa maji ya ardhini ni ya chumvi, na mfereji huo huo unapooza majengo. Hospitali hiyo ilipata tuzo ya kimataifa ya mwaka 2021 ya wasanifu wa Uingereza.

Umeme wa jua upo jirani kabisa. Hospitali ya upasuaji wa watoto ya Entebbe, iliyochorwa na msanifu Renzo Piano wa Italia kwa ajili ya shirika la tiba la Emergency na kufunguliwa mwaka 2021, ina kuta za udongo ulioshindiliwa, udongo uliochimbwa pale pale, na juu ya paa kuna uwanja wa paneli za jua zinazolitia jengo kivuli wakati zinazalisha umeme. Waganda wanafanyiwa upasuaji ndani ya kuta za udongo. Nalisema hili kwa sababu bado wapo kwetu wanaoamini kwamba udongo na mawe ni vya nyumba za kijijini.

Taka nazo zipangiwe tangu mwanzo. Nimefanya kazi mahali ambapo moshi wa kichomea taka, glovu na mirija ya plastiki, ulikuwa unaingia wodi ya watoto kila kusi ikivuma. Zipo mashine za mvuke zinazoua vijidudu bila moshi. Mtambo uwe upande ambao upepo hauelekei kwa mgonjwa, msimu wowote.

Najua mtaniambia ardhi ya Upanga ni ndogo na watu ni wengi, lazima kwenda juu. Nakubali. Hospitali ya taifa haiwezi kuwa vibanda vya ghorofa moja. Basi nendeni juu kwa kiasi, na kila ghorofa ipewe baraza la wazi pande zote mbili, na pawepo njia ya mteremko inayoweza kupitisha kitanda kutoka chini hadi juu. Lifti huharibika. Nimembeba mgonjwa aliyetoka kufanyiwa upasuaji, ndani ya shuka, watu wanne, ngazi tatu, mimi nikishika chupa ya damu kwa meno kwa sababu mikono yote ilikuwa kazini. Sitaki muuguzi wa miaka 22 anayeanza kazi leo afanye hivyo akiwa na miaka 50.

Kila tarehe 12 Mei sisi wauguzi tunawasha mishumaa kumkumbuka Florence Nightingale. Watu wanamkumbuka kwa taa yake. Mimi namkumbuka kwa jambo jingine: kule Scutari, Uturuki, katika hospitali ya askari wa Uingereza wakati wa vita vya Crimea, askari wengi zaidi walikuwa wanakufa kwa magonjwa kuliko kwa risasi, na vifo vilipungua sana mwaka 1855 baada ya mifereji ya maji machafu kusafishwa na hewa kuruhusiwa kuingia. Maisha yake yote yaliyobaki alipigania namna hospitali zinavyojengwa. Kuchora hospitali ni kazi ya uuguzi pia. Hatuombi fadhila tunapoomba tuitwe.

Kwa hiyo, kabla ya mkataba wa ujenzi kusainiwa, iwekeni michoro wazi. Ibandikeni Kibasila, Mwaisela na Sewahaji, mahali ambapo wauguzi, wahudumu wa usafi, wasukuma machela na ndugu wa wagonjwa wanapita, na mtu akae hapo wiki nne akiandika wanachosema. Kisha jengeni wodi moja ya mfano, ya mbao na bati na maturubai, kwa vipimo kamili vya ile mnayotaka kuijenga kwa zege. Haitagharimu hata sehemu ndogo ya lifti moja. Pangeni vitanda vyote, wekeni watu wazima wasio wagonjwa, na ndugu zao pembeni. Fanyeni hivyo Februari, joto likiwa limekomaa. Usiku mmoja zimeni umeme kuanzia saa mbili hadi alfajiri. Pimeni hewa na joto, na asubuhi waulizeni waliolala humo kabla hamjasoma vipimo.

Mkinitumia ujumbe nitakuja. Nitalala kitanda cha katikati, kile kilicho mbali kuliko vyote na dirisha.

Wenu,
Muuguzi mstaafu,
Dar es Salaam